Ishirini na Saba Nukta Nne

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza chuo. Mlangoni mwa ukumbi wa mihadhara karani mwenye orodha aliniambia kwa heshima zote, "Mama, wazazi wanasubiri kule kwenye mabenchi ya nje." Nikamwambia mzazi ni mimi na mwanafunzi ni mimi. Akapitisha kidole kwenye orodha mara mbili. Nilikuwemo. Shahada ya Biolojia na Kemia, mwaka wa kwanza, umri miaka thelathini na tisa, kazi ya awali: mtengeneza sabuni.

Nimekaa benchi la mbele kabisa. Wengi wa wenzangu walizaliwa mimi tayari nakoroga masufuria ya sabuni. Wamenitazama kama kabati lililoletwa darasani kwa makosa. Watazame. Macho hayana pazia.

Jumatano, 5 Machi

Mvua imeanza. Jina la utani nimeshapata: Mama Sabuni. Yapo mabaya zaidi.

Jumanne, 11 Machi

Biolojia. Tumekata ncha za mizizi ya kitunguu, tukazipaka rangi, tukaziweka chini ya hadubini. Nimekata vitunguu maisha yangu yote na kulia juu yake bila kujua kwamba humo ndani kuna seli zinagawanyika vile, nyuzi zimejipanga katikati halafu zinavutwa huku na huku kama watu wanaogombea shuka. Nimeshindwa kuondoa jicho. Mwalimu wa Biolojia, mama mfupi anayetembea na kalamu mbili kwenye nywele, akapita akaona mchoro wangu umefanana na wa kitabuni.

"Umechora unachokijua," akasema. "Futa. Chora unachokiona."

Nikafuta. Nikachora seli yangu, iliyokunjamana upande mmoja. Akatia tiki, akaenda zake.

Ijumaa, 14 Machi

Maabara ya Kemia kwa mara ya kwanza. Mhadhiri ni mwanamume mrefu, nadhifu, koti lake jeupe halina doa hata moja. Wanafunzi wanamwita Desimali kwa sababu ukimpa jibu lisilo na nukta anakurudishia karatasi. Ametangaza sheria yake: kazi za maabara ni nne, kila moja ina alama ishirini, na atakayepata sufuri hata kwenye moja haingii chumba cha mtihani wa mwisho. Anarudia mwaka.

Nimepangwa na msichana mmoja mwembamba, mrefu kupita wote. Wanamwita Twiga, naye anaitika. Ana mikono mizuri ya kazi, haitetemeki. Tumepata kumi na sita kwenye kazi ya kwanza.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Viatu havikauki. Nimesoma.

Ijumaa, 28 Machi

Kazi ya tatu. Tulipewa siki iliyozimuliwa tutafute ina asidi kiasi gani. Unaweka siki kwenye chupa, unatia kiashirio cha kubadili rangi, halafu unaidondoshea hidroksidi ya sodiamu kutoka kwenye bureti, mrija wa kioo wenye vipimo, tone baada ya tone, mpaka iwe waridi hafifu na isipotee. Hidroksidi ya sodiamu ni kostiki, ileile niliyotengenezea sabuni miaka ishirini na miwili. Nimefurahi kuiona, kama mtu aliyekutana na jirani yake wa zamani ugenini.

Mara ya kwanza tumetumia mililita 27.4. Mara ya pili 27.4. Mara ya tatu 27.3.

Twiga akachungulia benchi la nyuma, akarudi amekunja uso. "Mama Sabuni, jibu ni ishirini na mbili na nusu."

"Nani kasema?"

Akanionyesha kwenye simu yake ripoti ya mwanafunzi wa mwaka jana. 22.5, tiki nyekundu, alama kumi na tisa. Simu ilikuwa imeshazunguka maabara nzima. Nikatazama bureti za wenzangu. Benchi la nyuma 27.5. La dirishani 27.2. Na kila daftari lilikuwa linaandikwa 22.5 bila aibu, watu wanapiga hesabu kinyumenyume kutoka kwenye jibu.

"Andika tu, dada yangu," Twiga akanibembeleza. "Desimali anasahihisha kwa kuangalia namba. Hasomi."

"Sisi tumeona ngapi?"

"Tumeona ishirini na saba. Lakini jibu siyo hilo."

Penye wengi hapaharibiki neno, ndivyo wasemavyo. Leo nimeona wengi wakiliharibu kwa umoja na mshikamano. Kila mtu anakabidhi ripoti yake. Twiga aliandika ya kwake. Mimi nikaandika ya kwangu: 27.4.

Ijumaa, 4 Aprili

Sufuri.

Ripoti yangu imerudi na mstari mwekundu kutoka kona hadi kona. Chini ameandika: *Takwimu zisizowezekana. Onana nami.* Twiga amepata kumi na tisa. Darasa lote lililobaki, watu arobaini na sita, hakuna aliyepata chini ya kumi na saba.

Nikaenda ofisini kwake. Hakuniambia nikae, nikakaa.

"Mama, bureti husomwa jicho likiwa sawa na maji," akaanza, taratibu, kama anayemfundisha mtu kufunga kamba za viatu. "Kwa umri wako labda unahitaji miwani. Si aibu."

"Nilisoma mara tatu, Daktari. Na mwenzangu alisoma."

"Mwenzako kaandika ishirini na mbili na nusu."

Hapo ningeweza kumwangusha Twiga kwa sentensi moja. Nikaimeza. Nikamwambia mimi naulizwa nilichokiona mimi.

"Sikiliza. Kazi hii naitoa mwaka wa tisa sasa. Jibu ni lilelile. Rudia, uniletee iliyo sahihi kabla ya tarehe tisa Mei, nitakupa walau kumi. Usipoleta, unajua sheria."

"Na nikirudia nikapata ileile?"

"Hutapata," akasema, akafungua mlango.

Jumapili, 6 Aprili

Nimegombana na mume wangu, jambo ambalo halitokei mara nyingi kwa sababu yeye ni mpole na mimi nina maneno. Yeye ni mwashi. Alikuwa anasafisha mwiko wake barazani, mvua inapiga bati, nikamsimulia yote.

"Waandikie wanachotaka," akasema. "Mke wangu, tumeamua wote wewe usome. Watoto wamezoea kupika wenyewe. Unataka turudie mwaka mzima kwa sababu ya namba moja?"

Amenichoma, maana ni kweli. Lakini nikamuuliza, "Wewe ukijenga, timazi ikikuambia ukuta umelala, unaupinda uzi wa timazi?"

"Siupindi."

"Basi."

Akaendelea kusugua mwiko. Nikadhani nimeshinda. Kumbe alikuwa anafikiri.

"Ila mwenye akili haanzi kubomoa ukuta," akasema. "Anaikagua timazi kwanza. Nayo huharibika."

Nimekaa na neno hilo tangu mchana. Nilikuwa naitetea namba yangu tu, sijajiuliza namba yenyewe imetoka wapi.

Jumatano, 9 Aprili

Mtunza maabara ameniruhusu nirudie. Ni mzee wa makamo, mkimya, anatembea na kitambaa begani. Nimepata 27.5. Nikarudia. 27.5.

Kisha nikamwomba anionyeshe kopo la kostiki lililotumika kuchanganyia. Hakupenda. Alilitoa nyuma ya kabati, kifuniko kimepasuka na kufungwa kwa utepe. Nikakifungua. Vidonge, ambavyo hutakiwa kuwa vikavu na kuchezacheza kama njugu, vilikuwa vimegandamana, vinang'aa maji, chini kuna uji.

Sikuhitaji kitabu. Kostiki ikiachwa wazi inakunywa unyevu wa hewa, na msimu huu hewa yote ni maji. Ukiipima hivyo, sehemu ya unachokipima si kostiki. Mwaka wangu wa kwanza wa sabuni niliharibu masufuria manne namna hiyo; sabuni ilikataa kuganda, ikabaki kama makamasi. Kostiki dhaifu lazima uitie nyingi zaidi ndipo ifanye kazi. Mililita ishirini na saba badala ya ishirini na mbili na nusu!

Nimecheka peke yangu maabara. Mtunza maabara hakucheka.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemwambia Desimali. Amesema kemikali za maabara yake hazina kasoro na kwamba hapa si kiwandani kwangu. Amesema hayo mbele ya wanafunzi wawili. Kufika mchana chuo kizima kilikuwa kinauliza Mama Sabuni analeta lini miche ya kufulia.

Nitawaletea. Ya kusugulia midomo.

Jumanne, 15 Aprili

Ninajua njia ya kuthibitisha. Imo kwenye kitabu chetu wenyewe, ukurasa ambao hakuna aliyeufungua. Kuna asidi iitwayo oksaliki. Fuwele zake hazinywi maji ya hewani. Unazipima kwenye mizani, unaziyeyusha, unapata kitu ambacho unakijua nguvu yake kwa hakika. Halafu unakipambanisha na ile kostiki. Kostiki ikiwa na nguvu iliyoandikwa kwenye chupa, itatumika mililita ishirini na tano. Ikiwa dhaifu, itazidi.

Nimemwomba mtunza maabara anipe fuwele hizo. Amekataa.

"Mama, niachie," akasema. "Kostiki ile nimeichanganya mimi. Unataka unga wangu umwagike?"

Nimeondoka nimekasirika. Mzembe analinda uzembe wake, nikajisemea. Kifuniko kimepasuka naye anafunga utepe!

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua. Twiga hakai tena nami. Kahamia benchi la dirishani.

Jumanne, 22 Aprili

Nilimdhulumu yule mzee moyoni mwangu. Naandika ili nisisahau.

Leo nilimkuta peke yake akipanga vyombo, nikaanza kusaidia kuosha flaski. Kuosha najua. Tulipofika kwenye flaski ya ishirini hivi, akaenda kwenye droo yake, akarudi na bahasha. Ndani mlikuwa na nakala za barua tatu. Ya kwanza ya mwaka juzi. Zote zinaomba kopo jipya la kostiki na vifuniko, zote zina saini yake iliyonyooka kama ya mwanafunzi mzuri, na hakuna hata moja iliyojibiwa. Barua zote tatu zilipelekwa kwa Desimali.

"Mwaka jana ilikuwa imeanza kulegea," akasema. "Nikaongeza kijiko kwa kukisia. Mwaka huu sikuweza hata kukisia."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimesema mara tatu kwa maandishi, mama. Mtu akisema mara tatu asisikilizwe, ya nne anasemea tumboni."

Nikamwambia sitafanya lolote bila idhini yake, na nikamaanisha. Kama ni kurudia mwaka nitarudia, lakini sitamkanyaga mtu wa chini ili mimi nionekane. Amesema atafikiri.

Ijumaa, 2 Mei

Nimemfanyia Desimali ripoti ya pili. 27.5. Hakuipokea. "Unanifanyia kiburi," akasema. Nikamwambia, "Ndiyo, Daktari, kidogo." Imebaki wiki moja.

Jumatano, 7 Mei

Mtunza maabara amenisimamisha ngazini. "Fuwele zipo," akasema. "Na barua nitakuja nazo mwenyewe. Nimechoka kusemea tumboni." Akaendelea kupanda, kitambaa begani, kana kwamba ameniambia ni saa ngapi.

Ijumaa, 9 Mei

Naandika haya mchana huuhuu, kwenye benchi nje ya maktaba, mkono wangu bado unanuka maabara.

Desimali aliingia, akasoma majina ya watu wasioruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho. Lilikuwa jina moja. Nikasimama.

"Daktari, tarehe tisa ni leo. Naomba nirudie hapa, mbele ya wote. Ila leo sipimi siki. Napima kostiki yenyewe, kwa asidi ya oksaliki, kama ilivyo kwenye kitabu chetu. Ikitoka ishirini na tano, mimi ndiye mwenye kosa. Narudia mwaka na siku ya Jumatatu nitakuomba radhi mbele ya darasa."

Kuna mtu alipiga mluzi. Desimali akatazama saa, akatazama darasa, nikaona anapima: akikataa ataonekana anaogopa mtengeneza sabuni.

"Sawa," akasema. "Lakini hutasoma bureti wewe." Akazungusha kidole juu ya vichwa. "Wewe, mrefu. Njoo usome."

Akamchagua Twiga.

Mtunza maabara akaleta fuwele. Nikapima gramu 1.576, nikayeyusha, nikajaza hadi mililita mia mbili na hamsini. Nikavuta ishirini na tano kwa pipeti, nikatia kiashirio. Nikafungua bureti. Ilipofika ishirini na tano maabara yote ilikuwa imetuzunguka. Chupa ilikuwa nyeupe kama maji. Ishirini na sita. Nyeupe. Ishirini na nane. Waridi ikachomoza, nikatikisa, ikapotea. Nikaanza tone moja moja. Mvua ilikuwa inanyesha sana na bado nilisikia kila tone.

Waridi. Nikatikisa. Ikabaki.

"Soma," Desimali akamwambia Twiga.

Twiga akainama. Yeye huinama sana ili jicho liwe sawa na maji. Nilijua anachokiwaza. Ana alama kumi na tisa za namba ya uongo. Akisema ukweli wa leo, anajishtaki. Alikaa pale muda mrefu, mpaka Desimali akasema, "Binti, ni bureti, si msahafu."

"Thelathini nukta tano," Twiga akasema.

"Soma tena."

"Thelathini nukta tano, Daktari." Akajinyoosha urefu wake wote. "Na ile Ijumaa ya siki pia ilikuwa ishirini na saba nukta nne. Niliona kwa macho yangu. Niliandika nyingine."

Desimali akamsogeza pembeni, akasoma mwenyewe. Kisha akavua koti lile lisilo na doa, akalitundika kwenye kiti, akakunja mikono ya shati, akafanya yote upya kwa mikono yake. Nilimtazama. Mikono yake ilikuwa imesahau. Alipitiliza mara ya kwanza, chupa ikawa nyekundu kama ua. Akamwaga, akaanza tena. Wala hakuna aliyecheka. Akapata 30.4.

Mtunza maabara akaweka zile barua tatu mezani mbele yake. Desimali akazisoma moja baada ya nyingine akiwa amesimama. Nilidhani atazirarua. Alizikunja vizuri, akazitia mfukoni mwa shati.

Kisha akageukia darasa, uso umebadilika. "Kwa hiyo kostiki ilikuwa dhaifu kwa kila mtu. Na arobaini na sita mmeniletea ishirini na mbili na nusu. Arobaini na sita mmenidanganya! Nyote sufuri. Hakuna mtihani kwa yeyote isipokuwa huyu mama."

Nilipaswa kufurahi. Hawa ndio walioniulizia miche ya kufulia. Twiga alikuwa ameshika meza. Mdomo wangu ukafunguka kabla sijaupa ruhusa.

"Hapana, Daktari."

"Nini hapana?"

"Uliwapa kumi na tisa kwa uongo, ukanipa mimi sufuri kwa ukweli. Uliwafundisha unachotaka, wakajifunza. Wanafunzi wazuri hao. Kama wao ni sufuri, aliyewasahihisha apate ngapi?"

Nikawaza: haya, Mama Sabuni, ndiyo umemaliza. Nenda nyumbani kakoroge.

Desimali akachukua koti lake, hakulivaa. "Ijumaa ijayo," akasema bila kututazama, "kila mtu anarudia. Kwa kostiki hiihii. Mtaandika mlichokiona." Akatoka.

Twiga akanishika bega. "Dada," akasema. Nikamwambia aoshe pipeti kabla haijakauka.

Ijumaa, 16 Mei

Tumerudia. Namba arobaini na saba ubaoni, zote kati ya 27.1 na 27.7. Nimepata kumi na saba. Alama tatu zimekatwa kwa uchafu wa jedwali, na ni kweli, lilikuwa chafu. Desimali hajaomba radhi. Kostiki mpya imefika, makopo mawili, vifuniko vizima.

Jumatatu, 9 Juni

Mvua imekatika. Mtihani wa Kemia. Swali la nne nimelikoroga.

Jumanne, 10 Juni

Biolojia. Nimeandika mpaka kidole kimeota sugu.

Ijumaa, 27 Juni

Matokeo. Biolojia sabini na nne. Kemia hamsini na saba. Daraja la B linaanzia sitini.

Nilikuwa nimesimama mbele ya ubao wa matangazo na Twiga, ambaye ana sitini na nane, anaruka kama mtoto, nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Desimali. Akamsubiri Twiga aondoke. Alikuwa na bahasha ya karatasi za mitihani kwapani, na kwa mara ya kwanza tangu Machi aliniita kama watu wanavyoita watu.

"Dada, habari za tangu siku ile."

"Salama, Daktari."

Akapekua bahasha, akatoa karatasi yangu. "Hili swali la nne," akasema, sauti ya chini. "Nimekuwa mkali labda. Naweza kuliangalia tena. Alama tatu si nyingi."

Nilielewa alichokuwa ananipa. Neno la radhi halikuwa na njia ya kutokea kinywani mwake, akalipitisha kwenye kalamu. Na nilizitaka zile tatu, sitajidanganya hapa kwenye daftari langu mwenyewe. Nilimfikiria mume wangu na watoto waliopika wenyewe muhula mzima. Sitini ingependeza ukutani.

Nikachukua karatasi, nikalisoma lile swali palepale, nimesimama, watu wanatupita.

"Hapa nilisahau kuzidisha kwa mbili," nikamwambia. "Na hapa nimetaja chumvi isiyokuwepo. Umenipa tano. Mimi ningejipa nne."

Akanitazama sana. Kisha akacheka, ana meno yaliyoachana mbele, sikujua.

"Nikuachie hiyo tano?"

"Niachie. Na hamsini na saba iache ilivyo, Daktari. Muhula ujao nitakuja kuchukua sitini kwa mikono yangu. Tena ujiandae."

Nikashuka ngazi kwenda dirisha la usajili. Foleni ilikuwa ndefu. Yule karani mwenye orodha aliponiona akainua kalamu, akauliza, "Mwaka wa kwanza, muhula wa pili?"

"Huohuo," nikasema, nikaweka saini.